Mikia-Mitatu wa Harogudud

Ahmednoor alizaliwa kwenye visima vya Wajir, mtoto wa mwanamume aliyesafisha visima vya watu na kulipwa maziwa. Baba yake hakushuka kisimani kabla ya kulala kifudifudi ukingoni na kusikiliza. Akimsikia chura, anashuka. Asipomsikia, anavaa viatu vyake na kwenda zake, hata kama wenye kisima wametembea siku mbili kuja kumwita. Ahmednoor alikuwa na miaka saba alipomwuliza sababu.

"Yeye anaishi humo," baba alijibu. "Mimi napita tu."

Alipokuwa kijana aliajiriwa na kikosi cha kuua mbu. Kwa miaka minne alibeba beseni jeupe na chujio kutoka Wajir hadi Buna na kurudi, akichota maji kwenye kila dimbwi na kuhesabu vilivyomo. Huko ndiko alikojifunza kuwatambua wadudu wa majini mmoja mmoja, nani anavumilia uchafu na nani hauvumilii. Kisha akasomea ualimu, na mwaka wa 1966, vita vya serikali na mashifta, waasi wa msituni, vikiwa vimepamba moto, akapelekwa kufundisha Harogudud.

Harogudud kilikuwa kijiji kipya, mwendo wa saa tatu kwa lori kutoka Garissa. Hakuna aliyekichagua. Serikali iliwakusanya wafugaji kutoka malisho yao, ikawazungushia miiba na seng'enge, ikaweka kituo cha askari kando yao. Lango lilifunguliwa jua likichomoza. Mbali kidogo na lango kulipangwa mawe yaliyopakwa chokaa, na mtu aliyeonekana nje ya mawe hayo bila kibali alihesabiwa kuwa shifta. Watu wa msituni nao walikuwa wamemtumia mwalimu salamu mara moja, kupitia kwa mchunga mbuzi: anayekula mshahara wa serikali ajihesabie siku zake. Ahmednoor aliyasikia hayo, na kesho yake akaenda kufundisha.

Maji ya kijiji yalikuwa bwawa moja tu, ndani ya mawe meupe, maji mekundu ya udongo yaliyoachwa na mvua za vuli. Kila Jumatatu Ahmednoor aliwapeleka huko watoto wa darasa la tano, na beseni jeupe, na chujio la chai lililofungwa kwenye fimbo. Walichota pande nne: upande wa shule, upande wa wanawake, upande wa ngamia na upande wa kituo. Walichokichota walikimwaga ndani ya beseni, wakasubiri maji yatulie, wakahesabu. Vitabu vya shule havikuwa na majina ya wadudu hao, kwa hiyo watoto waliwapa majina wenyewe. Mtoto wa kereng'ende, mwenye taya kubwa, alikuwa simba. Yule anayeteleza juu ya maji bila kuzama alikuwa mtembezi. Minyoo myembamba ya matopeni ilikuwa nyuzi nyekundu. Na kidudu kidogo chenye mikia mitatu kama nywele, ambacho hufa maji yakichafuka kidogo tu, walikiita mikia-mitatu.

"Huyu ndiye mlinzi wenu," Ahmednoor aliwaambia. "Nyuzi nyekundu hata ukizitia kwenye tope la choo zitaishi. Msiziulize kitu. Mwulizeni mwoga."

Mwandishi wa darasa alikuwa Nimo, msichana wa miaka kumi na miwili, mtoto wa dada yake Ahmednoor. Nyumbani alimwita abti, yaani mjomba. Shuleni alimwita mwalimu, na hakuchanganya hata siku moja.

Jumatatu ya pili ya Februari 1967, beseni la upande wa kituo lilitoka na mikia-mitatu kumi na mmoja, wote wamegeuka matumbo juu. Simba mmoja alikuwa akijikunja na kujikunjua kama mtu mwenye degedege. Konokono walikuwa wametoka majini, wamejibandika kwenye tope kavu. Upande wa wanawake mikia-mitatu walikuwa watatu, nao hawakukimbia walipoguswa na ncha ya penseli.

"Wamelala?" aliuliza mtoto mmoja.

"Waandike kama mlivyowaona," Ahmednoor alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini Nimo alimwona akifuta mikono kwenye suruali mara mbili, mara tatu, ingawa haikuwa na maji.

Ebla, dada yake Ahmednoor na mama yake Nimo, alikuwa mjane. Yeye ndiye aliyepanga foleni ya wanawake bwawani, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuruka zamu mbele ya macho yake. Ahmednoor alimkuta akifunga haan, chombo cha maji cha kusuka, mgongoni mwa punda.

"Abaayo, dada yangu, usiteke."

"Yametakata leo. Hujawahi kuyaona yametakata hivi. Wanawake wanasema ni baraka."

"Yametakata kwa sababu hakuna kinachoyavuruga. Waliokuwa wakiyavuruga wamekufa."

Ebla alimtazama. "Walaal, ndugu yangu, umesoma mpaka sasa unaomba ruhusa kwa wadudu kabla ya kunywa?"

"Ndiyo."

Ebla alitaka kucheka, lakini akakumbuka kitu. Tangu jana mbuzi wake mmoja alikuwa akitetemeka miguu ya nyuma na kutafuna bila chakula mdomoni. Akafungua kamba ya haan taratibu.

"Tuna maji ya siku mbili majumbani," alisema. "Kisha?"

Kisha palikuwa na laga, mto mkavu, maili nne nje ya mawe meupe. Humo mlikuwa na visima viwili vya zamani. Wote wawili walijua hivyo, na wote wawili walijua kwamba mwezi uliopita wanaume wawili walikwenda huko bila kibali, na hawakurudi.

Asubuhi ya Jumanne hakuna mwanamke aliyekwenda bwawani. Bwawa lilikaa peke yake, likang'aa. Saa nne haijafika, askari alikuja kumwita mwalimu.

Kamanda wa kituo aliitwa Inspekta Musyoka, Mkamba mwenye macho ya mtu asiyelala vizuri. Alikuwa na miezi kumi na minne hajafika kwao. Hakumpa Ahmednoor kiti.

"Mwalimu, wanawake hawakuteka maji leo."

"Ndiyo, Afande."

"Watu wasioteka maji wanajiandaa kuhama. Wanahamia wapi?"

"Hawahami. Maji yameharibika."

"Nimeyaona. Kama kioo."

"Hapo ndipo penye ubaya, Afande. Wadudu wamekufa."

"Wadudu." Musyoka alilitamka neno hilo kama mtu anayeonja chakula cha wageni. "Mimi hapa nahesabu bunduki, wewe unahesabu wadudu. Sawa. Unaniambia maji yametiwa sumu?"

"Nasema kuna kitu kimeingia."

"Kitu hakiingii chenyewe. Kina mikono. Ni mashifta, na mashifta wana ndugu ndani ya seng'enge hii." Aliinuka. "Kesho saa tano nataka jina. Nisipopata jina, ngamia wote wa kijiji wataondolewa. Na hakuna atakayevuka mawe kwenda laga. Utawaeleza watu wako."

"Afande, maji ya nyumbani yanaisha kesho."

"Basi leta jina mapema."

Ahmednoor alirudi darasani, akalifungua daftari la Nimo. Alikuwa amekwisha kulisoma jana. Alilisoma tena akitumaini kwamba limebadilika. Wiki mbili kabla ya jana, upande wa kituo: mikia-mitatu ishirini na wawili. Wiki moja kabla ya jana: tisa. Kisha jana: hakuna aliye hai, kumi na mmoja wamekufa. Upande wa ngamia, ulio mbali kabisa na kituo, idadi haikuwa imepungua bado. Kilichoua kilitoka upande wa askari. Namba za mtoto zilisema hivyo, kwa penseli, kwa mwandiko mzuri.

Ebla alikuja kusimama mlangoni. Ahmednoor alimweleza yote.

"Ukiwaambia ni wao, watakufunga," Ebla alisema.

"Najua."

"Usipowaambia, ngamia wanakwenda na watoto wanakunywa yale."

"Sitawaambia. Nitawafundisha."

"Utamfundisha nani? Yule?"

"Darasa la tano linamfaa."

Safari hii Ebla alicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika shingo.

Kesho yake saa tano Musyoka alikuja bwawani na askari sita. Miongoni mwao alikuwa Koplo Peterson, kijana mrefu kutoka milimani, ambaye watoto walimpenda kwa sababu aliwasalimia kwa Kisomali kibovu. Watoto ishirini na sita walikuwa wamejipanga ukingoni. Wazazi walisimama mbali. Ebla alisogea mpaka mtutu wa bunduki ukamzuia.

"Rudi nyuma, mama."

"Mimi hapana taka fita, Afande," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi taka maji tu."

Musyoka aliangalia saa. "Jina, Mwalimu."

"Sina jina, Afande. Nina somo. Ni la dakika ishirini. Likiisha, fanya unavyoona."

Musyoka alitazama watoto, akatazama wazazi, akatazama jua. Huenda alikuwa na mtoto wa umri huo kwao. Akasema, "Ishirini."

Ahmednoor aliwaanzisha upande wa ngamia. Nimo alizamisha chujio, akamwaga ndani ya beseni, akasubiri. Katika weupe wa beseni vidudu vilianza kukimbia.

"Mikia-mitatu kumi na tisa," Nimo alisoma. "Simba wanne. Watembezi saba. Wote hai."

"Sogea karibu, Afande, uwaone," Ahmednoor alisema. Musyoka aliinama kidogo, mikono nyuma.

Upande wa shule: mikia-mitatu sita, wawili wamekufa. Upande wa wanawake: mmoja hai, wanane wamekufa. Kila walipohamia, kundi zima lilihama nao, askari kwa watoto. Wakafika upande wa kituo. Beseni lilitulia. Ndani yake hapakuwa na kitu kinachotembea isipokuwa nyuzi nyekundu mbili.

"Mikia-mitatu, hakuna aliye hai," Nimo alisema. "Simba, hakuna. Watembezi, hakuna." Akainua macho, akamtazama mjomba wake, asijue kama aendelee. Ahmednoor aliitikia kwa kichwa. "Wiki mbili zilizopita hapa walikuwa ishirini na wawili. Hapa ndipo walipoanza kupungua."

Musyoka hakuinama. Alikuwa anatazama ardhi karibu na buti zake, palipokuwa na alama za duara tope lilipokauka, duara nyingi, kubwa, zilizokaribiana.

"Afande," Peterson alisema.

"Nyamaza."

"Afande, hapa ndipo ninaposuuza mapipa ya dawa ya mbu." Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Kila nikimaliza kupiga dawa mabwenini. Nakuja upande huu ili nisiwachafulie akina mama pale wanapoteka. Nimefanya hivyo kwa heshima, Afande. Kwetu tunasuuza mtoni. Maji yanapita. Ukisuuza asubuhi, mchana yako mbali."

"Haya hayana pa kwenda," alisema Nimo.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyojibu swali la darasani. Peterson alilitazama bwawa kama analiona kwa mara ya kwanza, kutoka ukingo hadi ukingo, na ukingo wa pili haukuwa mbali. Yeye na wenzake walikuwa wakinywa maji yanayoletwa na lori kutoka mto Tana.

"Watoto warudi darasani," Musyoka aliamuru.

Walipobaki wao wawili tu, kamanda alinyoosha mkono. Ahmednoor alimpa daftari. Musyoka alisoma kurasa tatu, polepole, kidole chini ya mistari. Kisha akazichana, akazikunja, akazitia mfukoni mwa shati.

"Hapa hapakutokea kitu," alisema. "Ngamia watabaki. Kesho watu sitini watakwenda laga na punda wao, na kibali changu. Warudi ndani ya lango saa kumi kamili. Wewe utabaki langoni. Akipungua mmoja, wewe ndiye uliyempeleka msituni, na nitakupeleka Garissa kwa kosa hilo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Afande."

"Ulingoja niyaone mwenyewe," Musyoka alisema. Akaondoka.

Alhamisi jua lilipochomoza Peterson aliwahesabu wakitoka: wanawake hamsini, wanaume wazee tisa, na Nimo, aliyekuwa amefunga beseni jeupe mgongoni kama mtoto. Walifika laga kabla ya saa nne. Visima vilikuwa viwili, hatua mia moja kati yao. Ebla aliinua mkono wanawake wasishushe vyombo.

"Mpeni mtoto nafasi."

Nimo alichota kisima cha kwanza. Mikia-mitatu watano, na kiluwiluwi kimoja cha chura kilichopiga beseni kwa mkia. Akaenda kisima cha pili. Akachota mara tatu, akasubiri mara tatu.

"Hakuna kitu, mama."

"Kitu kibaya?"

"Hakuna kitu chochote. Pengine ni kwa sababu hakina mwanga. Sijui."

Mzee Jama, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, aligonga fimbo chini. "Tukitumia kisima kimoja watu sitini hatutamaliza kabla ya saa tisa. Saa tisa, na maili nne za kurudi na punda wamebeba. Hesabuni wenyewe."

"Nimehesabu," Ebla alisema. Kila mtu alijua ndugu yake Ebla amesimama wapi. "Hatutawatoa watoto kwenye maji mabaya tuwape mengine. Kisima kimoja."

Wakaanza kuvuta. Waliimba wimbo wa kuvutia maji, nusu wakivuta na nusu wakipokea, lakini kwa sauti ya chini, kwa kuogopa kusikiwa na pande zote mbili za vita.

Langoni Ahmednoor hakujua lolote la hayo. Alisimama tangu adhuhuri chini ya nguzo, bila kivuli. Saa tisa na nusu vumbi lilionekana. Saa kumi kasoro dakika tano wa kwanza waliingia, midomo imepauka, wakakaa chini ndani ya lango pale Peterson alipowaelekeza. Wengine walikuwa bado wanakuja, mstari mrefu, uliokatikakatika, na mwisho wake haukuonekana.

Saa kumi kamili Musyoka alitazama saa yake. "Wangapi?"

"Arobaini na mmoja, Afande," Peterson alisema.

"Funga."

Peterson alishika lango. Hakulisogeza. "Samahani, Afande. Nadhani nimeruka mmoja. Naomba nianze upya."

"Umeruka."

"Au nimemhesabu mmoja mara mbili. Mama yule na dada yake wanafanana."

Musyoka alimtazama muda mrefu. Nje, mwanamke mmoja alikuwa anakimbia, haan ikimpiga kiunoni, maji yakimwagika.

"Anza," Musyoka alisema.

Peterson alipita kati ya watu waliokaa, akikigusa kila chombo kwa fimbo yake. Mmoja. Wawili. Alisimama kwa kila mtu. Alipofika thelathini alikohoa, akauliza, "Nimefika ngapi?" Wakati huo walioingia walikaa nyuma ya wenzao, kimya, na mstari wa watu wa kuhesabiwa ukarefuka mbele ya fimbo.

"Askari gani hajui kuhesabu?" Musyoka alisema.

"Hesabu ilinishinda shuleni, Afande. Mwalimu wetu alinipiga sana, haikusaidia."

Hamsini na tatu. Hamsini na nne. Mzee Jama aliingia akiburura mguu. Hamsini na saba. Ahmednoor alitafuta dada yake kwa macho na hakumwona, akatafuta mgongo wenye beseni na hakuuona. Musyoka alikuwa amesogea karibu naye, na Ahmednoor alisikia pingu zikigongana kiunoni mwa kamanda.

Ndipo walipotokea kwenye mawe meupe, wawili, wakimvuta punda aliyechechemea. Ebla alikuwa ameweka nusu ya mzigo wa punda kichwani mwake. Hawakukimbia, hawakuweza. Peterson alimfikia mtu wa hamsini na nane, akaigusa haan yake, akaigusa tena kana kwamba anahakikisha ni haan. Wakavuka lango.

"Hamsini na tisa," alisema. "Sitini."

Musyoka aliitazama saa yake, akaushusha mkono wa shati juu yake. "Funga lango," alisema, akaenda ofisini kwake bila kumtazama mtu.

Ebla aliketi palepale alipofikia. Alimpa kaka yake maji kwanza, kwa kifuniko cha haan, na Ahmednoor aliyanywa akiwa amesimama. Watu walianza kutawanyika kwenda majumbani. Nimo alilifungua beseni mgongoni, akakaa karibu nao, akachukua daftari lililobaki na kurasa chache, na penseli fupi.

"Mwalimu," alisema, ingawa hawakuwa shuleni. "Kile kisima cha pili nikiandike vipi?"

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

"Basi andika hivyo. Andika na tarehe, na kwamba ulichota mara tatu."

Nimo aliandika. Ahmednoor alimngoja amalize, kisha akamwomba dada yake kifuniko kingine cha maji.